Masurufu ya Minyoofundo

Wanangu wa Itiryo, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali na vilima vyetu vya Tarime, tafuteni shambani mche mmoja wa nyanya ulionyauka. Msichukue ule uliotafunwa majani na viwavi, maana huo kisa chake kiko wazi. Nautaka ule unaolala jua la saa sita, jioni ukainuka, kesho ukalala tena, ilhali mvua ilinyesha juzi na ukishika udongo bado una unyevu. Majani yake ya chini yameanza kuwa ya njano, matunda yake ni madogo, na miche mingine ya mstari uleule imeupita kimo.

Msiung'oe kwa pupa. Mizizi itakatika ibaki chini, na kisa chote kimo kwenye mizizi. Chimbeni pembeni kwa jembe, uinueni na bonge lake la udongo, kisha mliloweke kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe. Mzizi mzima wa nyanya ni mwembamba na umenyooka, una nywele nyingi laini. Huu mliouinua umejaa mafundo. Mengine ni madogo sawa na punje ya ulezi, mengine yameungana yakawa na unene wa kidole.

Watu wazima wakiona mche wa namna hiyo husema ni jua kali. Wengine husema mbegu ya dukani ilikuwa mbovu, na wako wanaomtazama jirani kwa jicho la shaka. Mimi nasema tumtafute aliyemo ndani ya fundo.

Mwombeni mtu mzima wembe, mpasue fundo moja mahali penye mwanga mzuri, mtazame bila haraka. Mtaona kitone cheupe kinachong'aa, kidogo kuliko kichwa cha pini. Huyo ni mama. Mwili wake ni wa mviringo, una kishingo kifupi, na kichwa kimezama ndani ya mzizi. Hana miguu wala macho, na hawezi kusogea. Alifika hapo akiwa mtoto na atafia hapohapo. Nyuma yake, kwenye ngozi ya mzizi, kuna ute wa rangi ya kahawia, na ndani ya ute huo kuna mayai, mara nyingi kati ya 300 na 500. Mabwana shamba huwaita hawa minyoofundo. Jina la ukoo wao katika sayansi ni Meloidogyne, na wanaoongoza kwa kusumbua nchi zenye joto ni Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica. Msiwachanganye na minyoo ya tumboni. Hawampati mtu, hawampati ng'ombe. Chakula chao ni mimea peke yake.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wale ambao nyumbani kwao wanalima maharage. Mharage wenye afya nao una vinundu mizizini, na vile ni rafiki zetu, vimejaa bakteria wanaoupa mmea naitrojeni. Kwanyueni kimoja kwa ukucha. Kinundu cha bakteria kinabanduka kwa urahisi, na ukikipasua ndani kina rangi ya waridi. Fundo la mnyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Nimeona maharage mazuri yaking'olewa na kutupwa kwa kukosa maarifa haya madogo, na inaniuma kila ninapokumbuka.

Sasa tumfuate mtoto.

Akiwa bado ndani ya yai, mnyoo hujivua ngozi mara moja. Kisha hulitoboa yai na kutoka, mwembamba mno, urefu wake kama nusu ya milimita. Chukueni rula ya shule mtazame nafasi ya milimita moja: watoto wawili wa mnyoo wangelala humo wakifuatana. Mdomoni ana sindano tupu katikati, ya kutobolea na kufyonzea. Lakini hapo alipo, kwenye udongo, hakuna anachoweza kufyonza. Udongo si chakula chake, majani yaliyooza si chakula chake, wala hawali wadudu wenzake. Tangu anapoanguliwa mpaka atakapojikita ndani ya mzizi ulio hai, hali kitu chochote. Nguvu zote anazotumia zinatoka kwenye mafuta ambayo mama yake aliyaweka ndani ya yai, nayo yamejaa utumboni mwake.

Mfikirieni mtu anayetoka Itiryo kwa miguu kwenda Musoma na masurufu yake begani. Njia nzima hakuna duka, hakuna mama lishe, na hakuna nyumba itakayomfungulia mlango. Chakula kipo mwisho wa safari tu, na yeye hajui mwisho uko upande gani. Akitembea anakula. Akikaa chini ya mti kusubiri, bado anakula, polepole kidogo. Masurufu yakiisha kabla hajafika, amekwisha. Mtoto wa minyoofundo ni msafiri huyo, ila kwake kuna jambo la ziada ambalo mimi na wewe hatulijui sana: joto la njia ndilo linaloamua masurufu yaishe upesi kiasi gani.

Sisi watu tuna joto letu mwilini. Usiku wa Julai huku kwetu, baridi ikishuka kutoka vilimani, unajifunika blanketi na moyo wako unaendelea kupiga vilevile. Mnyoo hana joto lake. Joto la udongo ndilo joto la mwili wake. Udongo ukipata joto, kila kitu ndani yake kinaenda mbio: anapumua zaidi, anajinyonganyonga zaidi, anachoma mafuta zaidi. Kwa viumbe wa namna hii, joto likipanda kwa nyuzijoto 10, kasi ya mwili huongezeka karibu mara mbili, mradi halijapita kiasi. Udongo ukipoa, mwili nao unapoa, mafuta yanadumu.

Jambo hili linaonekana kwa macho, ukiwa na hadubini. Mnyoo aliyeanguliwa leo utumbo wake una giza kwa sababu umejaa matone ya mafuta. Aliyekaa muda mrefu bila kupata mzizi anazidi kuwa angavu, hadi unaona mwanga ukipita katikati ya mwili wake. Kuna rangi nyekundu inayoshika mafuta tu, na watafiti huitumia kupima: mwekundu sana bado ana akiba, aliyepauka anaelekea kufa njaa. Mwaka 1967 watafiti watatu, Van Gundy, Bird na Wallace, walichapisha kazi yao juu ya kuzeeka na njaa kwa watoto wa Meloidogyne javanica na wa mnyoo mwingine anayeshambulia michungwa. Waliowekwa kwenye joto walimaliza akiba yao mapema, wakawa wazito wa kutembea, na wakashindwa kuingia kwenye mizizi hata walipowekwa karibu nayo. Waliowekwa mahali pa baridi, au pakavu, au penye hewa kidogo, walibaki na nguvu kwa muda mrefu zaidi. Zingatieni hilo la kushindwa kuingia. Mnyoo hangoji mafuta yaishe kabisa ndipo ashindwe. Kutoboa ukuta wa mzizi ni kazi ngumu, na asiyekuwa na akiba ya kutosha anaweza kufika mlangoni akafia hapo.

Anaupataje mlango gizani? Anatembea ndani ya utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo, akifuata dalili zinazotoka kwenye mizizi, kama vile hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo mizizi huitoa inapopumua. Na anafuata joto. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba Meloidogyne incognita anaweza kuhisi tofauti ya sehemu moja ya elfu ya nyuzijoto ndani ya sentimita moja. Kipimajoto cha zahanati hakiwezi kuona hata karibu na hapo. Kiumbe asiye na macho, asiyeonekana kwa macho yetu, anasoma joto la ardhi kwa umakini ambao mimi kila nikiufikiria nashangaa upya.

Akifika, huingia karibu na ncha ya mzizi, pale palipo laini. Hupenya kati ya chembehai hadi kwenye mishipa inayopandisha maji. Hapo huchoma sindano kwenye chembehai chache na kuzimiminia ute wake. Chembehai hizo zinabadilika: zinanenepa kupita kiasi, zinakuwa na viini vingi badala ya kimoja, na kazi yake inakuwa kumlisha yeye. Mzizi unaozizunguka unavimba, ndipo fundo linapotokea. Mnyoo naye hunenepa, misuli ya kutembea ikadhoofika, na hatatoka tena. Maji yaliyokuwa yapande kwenye majani yanakwama kwenye mafundo. Ndiyo maana mche unalala saa sita mchana ilhali udongo una maji.

Chakula kikiwa haba, kwa mfano watoto wengi mno wakiingia mzizi mmoja, wengi wao huwa madume, wembamba, ambao hutoka nje ya mzizi bila kuudhuru zaidi. Majike ya aina hizi mbili nilizozitaja hayahitaji dume ili kutaga. Jike mmoja aliyeingia salama anatosha kuanzisha ukoo.

Hebu tufanye hesabu. Mwaka 1994 J. D. Madulu na D. L. Trudgill walichapisha utafiti juu ya joto, ukuaji na uhai wa Meloidogyne javanica. Kutokana na kazi ya namna hiyo tunajua kwamba chini ya nyuzijoto 13 hivi mnyoo huyu hakui. Basi kila siku chukueni joto la udongo, mtoe 13, na kinachobaki ndicho alichovuna siku hiyo. Mavuno yakijumlishwa na kufika karibu 350, kizazi kimetimia: aliyeingia kwenye mzizi akiwa mtoto sasa ni mama mwenye mayai.

Udongo wenye nyuzijoto 28 unampa 15 kwa siku. Gawanyeni 350 kwa 15, mnapata siku 23 na kidogo. Udongo wa nyuzijoto 23 unampa 10, kwa hiyo siku 35. Udongo wa nyuzijoto 20 unampa 7 tu, naye anahitaji siku 50. Nyanya zikikaa shambani siku 100, kwenye udongo wa kwanza vitapita vizazi vinne, kwenye ule wa mwisho viwili. Na kumbukeni kila mama ana mayai 300 au zaidi. Watoto wengi hufa njiani, la sivyo hakuna ambaye angewahi kula nyanya, lakini wanaobaki wanatosha.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu za Tarime zinapita mita 1,500. Ukipanda mita 1,000 joto la hewa hupungua kwa nyuzijoto 6 hivi, kwa hiyo kati ya shamba la kando ya ziwa na shamba la huku juu tunaweza kupata tofauti ya nyuzijoto 2 au 3. Kwa mwili wako ni suala la kuvaa sweta au kutovaa. Kwa mnyoo, udongo wa nyuzijoto 25 unatimiza kizazi kwa siku 29, wa nyuzijoto 22 kwa siku 39. Mkulima wa ziwani anashambuliwa upesi zaidi.

Mtoto mmoja wa darasa la sita aliposikia hayo alifurahi. Akasema, "Babu, basi sisi wa juu tumepona!"

Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mura. Ulisahau masurufu."

Kwa sababu baridi ileile inayomchelewesha mnyoo kuzaa ndiyo inayomtunzia mafuta. Mahali penye joto na unyevu, pasipo mmea wa kumlisha, mtoto wa minyoofundo anamaliza akiba yake kwa wiki chache. Mahali pa baridi anaweza kukaa miezi akisubiri. Watafiti wa California, Marekani, walionyesha mwaka 1981 kwamba udongo ukishuka chini ya nyuzijoto 18, Meloidogyne incognita hashughuliki kuingia kwenye mizizi ya ngano. Mkulima anayechelewa kupanda mpaka udongo upoe anaiokoa ngano yake msimu ule. Lakini mnyoo aliyetulia hajafa, na mafuta yake anayo bado.

Hivyo joto lina kazi mbili, na msipozitenganisha mtachanganyikiwa. Mmea ukiwepo, joto linamsaidia mnyoo kuzaa haraka. Mmea usipokuwepo, joto linamfilisi. Mkulima anayelijua hili hatazami tu kama kuna joto au baridi, anajiuliza kwanza kama kuna mizizi ya kumlisha adui yake.

Mtoto yuleyule, na ninampenda kwa maswali yake, akauliza, "Sasa Babu, mbona jua la kiangazi haliwaui wote? Julai na Agosti shamba linakauka kabisa."

Hilo ndilo swali ambalo wakulima wengi hujibu vibaya. Udongo ukikauka polepole, mayai yaliyomo ndani ya ute hukaa yakisubiri, na ute wenyewe unayakinga yasikauke upesi. Hata baadhi ya watoto waliokwisha kuanguliwa hutulia, wakapunguza kupumua, wakaacha kutembea, na mafuta yao hayapungui sana. Jamaa zao wa mbali wanaweza zaidi ya hapo. Mwaka 1743 Mwingereza John Needham alipasua punje za ngano zilizoharibika, akakuta nyuzinyuzi kavu zisizo na uhai. Alipoziwekea maji, zikaanza kujinyonganyonga: walikuwa minyoo. Minyoofundo hawafiki kiwango hicho, lakini kiangazi peke yake hakiwamalizi, hasa wale walio chini zaidi ambako unyevu haukatiki. Kinachowaua ni kufukuliwa. Ukilima shamba lako kiangazi, ukaigeuza mizizi yenye mafundo juu, jua likaipiga juma zima, ukarudia tena baadaye, wengi wanakauka kabla hawajapata nafasi ya kutulia. Mizizi ya nyanya zilizokwisha kuvunwa ing'olewe siku ileile na ichomwe, isiachwe ardhini ikiendelea kulea mayai.

Njia ya pili ni ya kumfilisi. Ardhi ikiwa na unyevu na joto, mayai yanaanguliwa, watoto wanatoka kutafuta mizizi. Wasipoikuta, kila siku wanachoma mafuta bure. Hapo sharti ni moja, na ni gumu: pasiwe na mmea hata mmoja wa kuwalisha. Watu husema, "Shamba nimelipumzisha," ukienda unakuta kishona nguo kimejaa, na mnavu umejiotea pembeni. Mnavu ni mboga tamu, tunaipenda Mara nzima, lakini ni ndugu wa nyanya na mnyoo anaula vilevile. Kishona nguo nacho kinamlea. Shamba la namna hiyo halijapumzika. Mahindi nayo yanadanganya: yanaweza kuwalisha minyoo hawa huku mizizi yake haionyeshi mafundo makubwa, mkulima akadhani amesafisha udongo. Karanga ni afadhali, kwa sababu Meloidogyne incognita hawezi kuishi kwenye mizizi yake, na wengi wa Meloidogyne javanica pia hawawezi.

Lakini mmea ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii ni marejea. Wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, kule Ruvuma, waliueneza sana kwa wakulima kama mbolea ya kijani. Mizizi ya marejea inamwita mnyoo kama mizizi mingine inavyomwita. Anakuja, anatumia mafuta yake ya mwisho kutoboa na kuingia, halafu ndani hapati chembehai za kumlisha. Hawezi kurudi nje kuanza upya, kwa kuwa akiba haipo tena. Anakufa akiwa mtoto. Shamba lililokaa na marejea msimu mzima linakuwa limepungukiwa na minyoo, na juu yake limepata mbolea.

Joto kali nalo ni silaha, hapo hatuzungumzii tena mafuta. Juu ya nyuzijoto 40 mwili wa mnyoo huanza kuharibika, na kadiri joto linavyozidi ndivyo anavyokufa upesi. Wazee wanaorundika majani makavu na vijiti juu ya kitalu na kuvichoma kabla ya kusia mbegu wanafanya jambo lenye akili, ingawa moto haushuki chini sana. Mwaka 1976 Jaacov Katan na wenzake huko Israeli walionyesha njia nyingine: udongo ulowanishwe, ufunikwe kwa plastiki angavu wiki kadhaa za jua kali, ujipike wenyewe. Kwa kitalu kidogo inafaa. Huku juu penye mawingu mengi itachukua muda zaidi.

Na migomba je? Tarime ni nchi ya ndizi, siwezi kuiruka. Migomba ina minyoo wake, na hao hawakai mahali pamoja. Wanatembea ndani ya mizizi wakila, nyuma yao mizizi inabaki na rangi ya zambarau inayogeuka nyeusi na kuoza. Mgomba wenye mkungu mzito unakosa wa kuushikilia, upepo mmoja ukipita unalala chini na ndizi zake changa. Hapa pia joto limegawa maeneo. Katika Afrika Mashariki, Radopholus similis hutawala mabonde yenye joto, naye Pratylenchus goodeyi anapenda nyanda za baridi. Mkoani Kagera, utafiti wa miaka ya 1980 ulimhusisha mnyoo wa jamii hiyo ya pili, pamoja na fukusi wa migomba, na kudhoofika kwa mashamba ya ndizi yaliyolisha vizazi. Ardhi zetu za juu zikizidi kupata joto, huyo wa mabondeni atapata njia ya kupanda.

Dawa yake moja ni rahisi hata kwenu nyumbani, mkiwa na mtu mzima. Chipukizi la kupanda linamenywa ngozi ya nje kwa kisu mpaka sehemu zenye madoa ziondoke, kisha linatumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, wameihimiza sana njia hii, kwa kuwa ile ya zamani ya maji ya nyuzijoto 53 hadi 55 kwa dakika 20 inataka kipimajoto, na wangapi wanacho? Sekunde 30 zinatosha kuua minyoo waliobaki karibu na ngozi, na joto halijafika kwenye moyo wa chipukizi. Mkizidisha mtapika mgomba.

Nibakize viazi mviringo, kwa sababu sisi ni watu wa mpakani na habari za Kenya zinatuhusu. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba Globodera rostochiensis, mnyoo wa viazi ambaye asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ameonekana Kaunti ya Nyandarua. Huyu ndiye bingwa wa kutunza mafuta. Jike akifa, ngozi yake hukauka ikawa ganda gumu lenye mamia ya mayai. Mtoto aliye ndani ya yai amezungukwa na maji yenye sukari iitwayo trehalosi, ametulia, hatumii akiba yake ila kwa kiasi kidogo sana, na anaweza kusubiri zaidi ya miaka 20. Haamki mpaka kemikali ya mizizi ya kiazi imfikie. Kwa nini atoke kabla? Akitoka tu, mafuta yanaanza kuisha. Ndugu yake, Globodera pallida, huanguliwa vizuri kwenye udongo wa baridi zaidi, kwa hiyo viazi vinavyopandwa mapema kwenye baridi vinamkuta ameshaamka.

Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, wakishirikiana na IITA na Chuo Kikuu cha North Carolina State, walijaribu Kenya kufunga mbegu ya kiazi kwa karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Karatasi inazifyonza zile kemikali za mizizi. Minyoo wengi hawaamki, na walioamka hawaoni pa kuelekea, wanazunguka udongoni huku akiba inapungua. Mgomba kukiokoa kiazi, sikuwahi kulisikia hilo nilipokuwa na umri wenu. Kwenu ninyi, mkiletewa mbegu ya viazi kutoka popote, hakikisheni haina udongo, kwa kuwa ganda lile dogo husafiri ndani ya udongo uliogandia kwenye kiazi.

Sasa kazi ya bustani ya shule. Chukueni udongo wa shamba lililokuwa na mafundo, mchanganye vizuri, mjaze makopo matatu yaliyotobolewa chini. Kopo la kwanza pandeni mche wa nyanya wenye afya leo hii. La pili liwekeni mahali penye joto, bila mmea wowote, mkinyunyizia maji lisikauke, na kila jani linaloota mling'oe. La tatu nalo lisiwe na mmea, lipate maji vilevile, lakini likae mahali pa baridi pasipofikiwa na jua. Miezi miwili ikipita, pandeni nyanya kwenye la pili na la tatu. Kila mche upeni wiki sita, kisha uinueni kwa uangalifu kama nilivyowaonyesha, osheni mizizi, mhesabu mafundo, mwandike namba tatu ubaoni. Kabla hamjapanda, kila mmoja wenu aandike kwenye daftari lake anafikiri kopo gani litakuwa na mafundo machache kuliko yote, na kwa nini.